Kilele Kimetoka Wapi? Kwa mnaoanza kuchambua angahewa za sayari za mbali

Kabla hujapakua chochote, angalia bando. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaojiunga nasi hapa Mtwara, na wale wanaopanda basi kutoka Lindi kila Jumamosi, huja wakiwa wameshapakua faili, na walizopakua ni zile ndogo. Siwalaumu. Data ghafi za mpito mmoja wa sayari (yaani sayari kupita mbele ya nyota yake) kutoka darubini ya anga ya James Webb, ukijumlisha na faili zinazozaliwa njiani, zinaweza kufika makumi ya gigabaiti, na gigabaiti kwetu hununuliwa kwa pesa ya mboga. Basi kijana anachagua faili inayoishia na x1dints, ambamo mwanga umekwisha kuchujwa, kusafishwa na kupangwa kwa urefu wa mawimbi. Anaichora, anapata kitu kinachofanana na alichokiona kwenye makala, roho yake kwatu.

Alichokubali hapo ni lundo la maamuzi ambayo programu rasmi ya kuchakata data za James Webb iliyafanya yeye akiwa hayupo: pikseli ipi ihesabiwe imejaa, mruko upi kwenye usomaji ni mionzi ya anga na upi ni mwanga halali wa nyota, mwanga wa nyuma uondolewe vipi, dirisha la kuvunia mwanga liwe na pikseli ngapi. Programu yenyewe ni nzuri, nami naitumia. Ila iliandikwa ihudumie kila mtu, anayepiga picha za galaksi na anayechunguza mawingu ya vumbi, na sisi tunaotafuta badiliko la sehemu hamsini kwa milioni ni wateja wake wasumbufu.

Kwa walio wapya kabisa, maelezo mafupi. Mnaokumbuka kupatwa kwa Jua kipete kulikopita kusini mwa nchi Septemba 1, 2016 mmeshaiona kanuni: kitu kimekaa mbele ya nyota, mwanga umepungua. Sayari yenye ukubwa wa Mshtarii ikipita mbele ya nyota kama Jua inaziba takriban asilimia 1 ya mwanga. Dunia ingeziba sehemu 84 tu kwa milioni. Sasa, kama sayari ina angahewa, gesi zake humeza baadhi ya rangi, na kwenye rangi hizo sayari huonekana pana kidogo kuliko kwenye nyingine. Tofauti hiyo ya upana kutoka rangi moja hadi nyingine ndiyo spektra. Mengine yote tunayofanya ni kuitafuta bila kuiharibu.

Mfano mnono wa kuanzia ni WASP-39b, sayari yenye gesi, ya moto, iliyo umbali wa miaka ya nuru 700 hivi. James Webb iliiangalia Julai 2022. Mwanga unaozibwa ni karibu asilimia 2.1, na kwenye urefu wa wimbi wa maikroni 4.3 (maikroni ni sehemu moja ya milioni ya mita) unapanda kuelekea asilimia 2.3. Hiyo ni kaboni dayoksaidi, na ilitangazwa kwa sigma 26 (sigma ni kipimo cha uhakika: ikiwa kubwa, uwezekano wa bahati nasibu ni mdogo). Timu kadhaa zilichakata data zile zile kila moja kwa programu yake, na kilele kikabaki palepale. Kilele cha ukubwa huo hakiuawi na uamuzi wowote wa mtu mwenye akili timamu.

Tatizo ni kwamba vijana wengi wanajifunza kwa WASP-39b, wanapata jibu sawa na la wakubwa, kisha wanahamia kwenye sayari ndogo wakiwa na imani ile ile. Huko ishara ni makumi ya sehemu kwa milioni, na maamuzi yako ya uchakataji nayo yanasukuma namba kwa makumi ya sehemu kwa milioni. Hapo huwezi tena kusema data zimesema. Ni data pamoja na wewe. Ghalani wakati wa msimu wa korosho, ukichoma bambo la kutolea sampuli kwenye magunia ya juu tu, shehena nzima inapata daraja la kwanza. Uchome yale ya chini yaliyogusa unyevu, shehena hiyo hiyo inashuka daraja. Korosho hazijabadilika. Kwa hiyo mnunuzi mjanja haulizi daraja tu, anauliza bambo lilipita wapi.

Tuingie ndani sasa. James Webb haisomi pikseli mara moja ikaishia hapo. Inaisoma tena na tena bila kuifuta huku mwanga ukiendelea kujikusanya, na kasi ya kupanda kwa namba ndiyo wingi wa mwanga. Mionzi ya anga ikigonga pikseli katikati ya kupanda, namba inaruka ghafla. Programu hutafuta miruko hiyo na kuikata. Kwenye WASP-39b, kwa kifaa cha NIRSpec, kinachotawanya mwanga kwa rangi, katika modi yake ya PRISM, kila mkusanyo ulikuwa na usomaji 5 tu. Kwa nukta 5, kutofautisha mruko wa kweli na mtikisiko wa kawaida ni kazi ngumu, na kizingiti ukikiweka chini mno unakata mwanga halali. Tena hukati sawasawa kote: unaweza kukata zaidi kwenye pikseli zinazong'aa, yaani kwenye rangi fulani kuliko nyingine, na kitu chochote kinachotegemea rangi kitajitokeza kwenye spektra kikiwa kimevaa nguo za gesi. Chora asilimia ya pikseli zilizokatwa kwa kila safu wima ya kihisi. Ukiona umbo la nyota yako limejichora kwenye grafu hiyo, kizingiti chako kina walakini.

Kuna na kujaa. WASP-39 inang'aa mno kwa PRISM, hata pikseli zikajaa kuanzia karibu maikroni 0.6 hadi 2 hivi. Unaweza kutumia usomaji wa mwanzo tu kabla hazijajaa, au ukaacha eneo zima. Ukikuta makala mbili zinatofautiana hapo, huo ndio mzizi wake, songa mbele.

Mwanga wa nyuma nataka tukae nao kidogo, kwa sababu ni hatua wanayoipuuza wengi nayo ina hesabu rahisi. Tuseme mpito wako unaziba sehemu 3,000 kwa milioni, ambao ndio ukubwa wa karibu wa sayari ya K2-18b nitakayoizungumzia. Umeondoa mwanga wa nyuma ila umebakiza kidogo, sawa na asilimia 1 tu ya mwanga wa nyota kwenye rangi hiyo. Mwanga huo uliobaki haupungui sayari inapopita, kwa hiyo unauzimua mpito. Gawanya 3,000 kwa 1.01: unapata 2,970. Umepoteza sehemu 30 kwa milioni bila kelele, bila onyo, bila nukta moja kukaa vibaya kwenye grafu. Na kwa kuwa mwanga wa nyota hupungua kadiri unavyokwenda kwenye mawimbi marefu, masalia yale yale yanakuwa sehemu kubwa zaidi huko. Spektra yako inainama. Mtu ataiona ile miinamo aseme ni ukungu au ni mawingu ya sayari, kumbe ni wewe na mediani yako (namba ya katikati) ya safu mbili za pikseli.

Halafu kelele ya 1/f, inayotoka kwenye saketi zinazosoma kihisi. Inakuja kama mistari kwenye picha. Wengine huiondoa kwenye kila usomaji, wengine husubiri hadi kasi ya kupanda ikishapigwa hesabu. Kwa nyota hafifu tofauti inaweza isionekane. Kwa mikusanyo yenye usomaji mchache inaonekana. Mimi huiondoa mapema, kwenye kila usomaji. Atakayekuambia haina haja mwombe akuonyeshe grafu mbili bega kwa bega.

Dirisha la kuvunia mwanga ndilo lililotufundisha wote hapa. Binti mmoja wa Newala, makini sana, alikuwa anachakata sayari ndogo kwenye meza ya barazani kwetu Shangani. Akaniita: "Dada, njoo uone." Alikuwa na kilele kizuri karibu na maikroni 4.5, nukta moja ikichomoza juu ya wenzake. Nikamwambia apunguze dirisha kutoka pikseli 9 hadi 7, asiguse kingine chochote. Kilele kikashuka. Akarudisha 9, kikapanda. Tukafungua picha yenyewe ya kihisi, si grafu, tukaenda kwenye safu wima zinazounda nukta hiyo, tukazipitisha moja baada ya nyingine kama filamu. Pikseli moja kwenye ukingo wa dirisha ilikuwa ikiwaka na kuzima, na katikati ya mpito ilitulia chini kuliko kawaida yake. Pikseli moja mbovu ambayo orodha ya pikseli mbovu haikuwa nayo. Yule binti hakununa. Aliandika namba ya safu na mstari kwenye daftari, akaweka alama, akaendesha upya. Sasa yeye ndiye anayewashika wengine mkono hapo, maana ana tabia ya kufungua picha kabla ya kufungua grafu.

Jambo la pili la kuona kwa karibu: kioo kinaweza kucheza. Kioo cha James Webb cha mita 6.5 kimeundwa kwa vipande 18, na mara mojamoja kipande hujisogeza kidogo sana. Wakati wa kuiangalia WASP-39b kwa modi nyingine ya NIRSpec, iitwayo G395H, kipande kilifanya hivyo katikati ya mpito. Kwenye grafu ya mwanga unaona ngazi: mwanga uko hapa, ghafla uko pale. Ukiwa unafuata mafunzo ya mtandaoni tu, utadhani ni doa la nyota, au utaweka mstari uliopinda upite katikati na kumeza ngazi hiyo. Angalia upana wa nyota kwenye kihisi kwa wakati ule ule. Ikiwa upana nao umeruka, si nyota, ni kioo.

Ukishapata grafu za mwanga, unakuja upande wa kulinganisha na modeli, na hapa pana mitego mitatu. Nyota haing'ai sawa uso mzima. Katikati inang'aa kuliko kingoni, na tofauti hiyo ni kubwa kwenye buluu kuliko kwenye infraredi. Unaweza kuchukua namba za kufifia huko kutoka kwenye modeli za nyota ukazifunga, au ukaziacha huru zitafutwe na data. Ukizifunga unapata vijiti vya makosa (mistari inayoonyesha ukubwa wa shaka ya kila nukta) vifupi na vya kupendeza, lakini kama modeli ya nyota si sahihi kosa linaingia kwenye kila rangi kwa kiasi chake. Ukiziacha huru vijiti vinarefuka. Nawashauri mziache huru kwenye jaribio moja walau, hata kama mtachapisha lile lingine.

Mtego wa pili ni njia ya sayari: mwinamo wake na umbali wake kutoka kwenye nyota. Timu mbili zikitumia namba tofauti kidogo, spektra zao hukaa juu na chini kama ngazi hata kama umbo ni moja. Kwa WASP-39b, mwaka 2024 ilitoka kazi iliyorudia data za vifaa kadhaa kwa pamoja kwa namba zile zile za njia ili spektra zikae kwenye mstari mmoja. Kabla ya hapo mtu aliyekuwa anaunganisha spektra za makala tofauti alikuwa anaunganisha vitu visivyopimwa kwa rula moja. Wa tatu ni mwanzo wa kuangalia. Kifaa cha MIRI, kwa mfano, huwa hakijatulia mwanzoni, mwanga unashuka au kupanda kwa mkunjo. Ukate dakika ngapi? Uweke mstari, au mkunjo? Kila jibu linasogeza kina cha mpito, na linasogeza zaidi pale ambapo kuangalia kabla ya mpito kulikuwa kufupi.

Kihisi cha G395H kina pengo. Mwanga unaangukia vihisi viwili, NRS1 na NRS2, na kati yake kuna nafasi karibu na maikroni 3.7 hadi 3.8. Vihisi viwili havina tabia moja, kwa hiyo wachambuzi wengi huruhusu kimoja kipandishwe au kishushwe kwa kiasi fulani kuliko kingine. Sasa angalia gesi zilivyokaa: methani ina mkanda wake karibu na maikroni 3.3, upande wa NRS1. Kaboni dayoksaidi iko 4.3, upande wa NRS2. Ukikataza vihisi visogezwe, tofauti yoyote ya kimo kati yao itasomwa kama gesi. Ukiruhusu, unaweza kuifuta gesi halisi. Hakuna jibu la kitabuni, na hapo ndipo K2-18b inapoingia.

K2-18b ipo miaka ya nuru 124 kutoka kwetu, kwenye kundi la nyota la Simba, na upana wake ni mara 2.6 ya Dunia. Mwaka 2019 timu mbili zilizotumia darubini ya anga ya Hubble zilisema kuna mvuke wa maji. Mwaka 2023 Nikku Madhusudhan na wenzake, kwa James Webb, walitangaza methani kwa sigma 5 na kaboni dayoksaidi kwa sigma 3, pamoja na dalili dhaifu ya dimethili salfaidi, gesi ambayo hapa duniani hutolewa zaidi na viumbe vidogo vya baharini. Maji ya Hubble hayakuonekana kwa nguvu. Mkanda wa maji na wa methani unakaribiana mno karibu na maikroni 1.4 kiasi kwamba kwa Hubble kimoja kiliweza kuvaa sura ya kingine. Waandishi wenyewe walionyesha kuwa nguvu ya dalili ya dimethili salfaidi ilibadilika kulingana na jinsi walivyoruhusu vifaa visogezwe kimo. Liko kwenye makala yao wazi, lakini kwenye vichwa vya habari halikufika.

Baadaye Stephen Schmidt na wenzake walirudia data hizo hizo za vifaa vya NIRISS na NIRSpec vya James Webb, safari hii wakijaribu njia nyingi za kuzichakata. Methani ilibaki, kwa takriban sigma 4. Kaboni dayoksaidi na dimethili salfaidi hazikuwa na ushahidi wa kutegemewa. Zingatia kilichotokea: hakuna aliyepata data mpya. Kilichoongezwa ni idadi ya njia. Gesi iliyostahimili kila njia ikabaki, iliyotegemea njia moja ikayumba.

Aprili 2025 timu ya Madhusudhan ikaja na data za MIRI, kuanzia maikroni 6 hadi 12 hivi, ikasema dimethili salfaidi au ndugu yake dimethili disalfaidi ipo kwa sigma 3. Walichakata kwa programu mbili, jambo la kuwapongeza. Lakini Jake Taylor wa Oxford aliichukua spektra hiyo akauliza swali la mtoto: je, mstari mnyoofu unatosha? Jibu lake likawa kwamba hakuna ushahidi wa nguvu wa kuwepo kwa umbo lolote. Wengine wakaonyesha kuwa ukiongeza gesi nyingine kwenye orodha ya zinazoruhusiwa, baadhi yake zinaelezea data vizuri vile vile. Mimi upande wangu ni wa Taylor: mtu anayetaka kuniambia gesi gani ipo, kwanza anionyeshe kwamba mstari mnyoofu umeshindwa.

Kama mnadhani hili ni la James Webb tu, tazameni GJ 1132b, sayari ya mwamba iliyo miaka ya nuru 41 hivi. Hubble iliiangalia mipito 5. Mwaka 2021 timu moja ilisema ina angahewa yenye haidrojeni sayanaidi, pengine iliyotemwa na volkano, na picha za msanii zikazagaa. Mwaka huo huo timu nyingine ikachakata data zile zile ikapata mstari bapa. Ya tatu nayo bapa. Data moja, sayari mbili. Kisha James Webb ikaenda mara mbili: ziara ya kwanza ilitoa alama zilizoweza kusomeka kama mvuke wa maji, ya pili ikatoa kitu kisicho na umbo. Waliochakata ziara hizo walikuwa na adabu ya kuziweka zote mbili mezani badala ya kuchukua iliyopendeza.

Na ya zamani zaidi, HD 189733b. Mwaka 2008 methani ilitangazwa humo kwa kamera ya NICMOS ya Hubble. Mwaka 2011 Neale Gibson na wenzake wakaonyesha kuwa matokeo yalitegemea namna ya kuondoa tabia za kifaa: badilisha fomula ya kuondoa, gesi inabadilika. Ubishi ulikuwa mkali. Mwaka 2024 James Webb ikaonyesha maji, kaboni dayoksaidi, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi. Methani haikuwepo.

Sasa mtauliza, tuchagueje? Kanuni ninayoisimamia hapa kwetu, na wengine huiona ya kikoloni, ni kwamba uamuzi wa uchakataji hauruhusiwi kufanywa ukiwa unaitazama spektra. Chagua upana wa dirisha, kizingiti cha miruko, dakika za kukata, kwa kutazama vitu visivyojua gesi: mtawanyiko wa mwanga nje ya mpito, na jinsi mtawanyiko huo unavyopungua unapokusanya nukta nyingi pamoja. Kelele safi hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya nukta. Ikigoma kupungua, kuna kitu cha mfumo bado kimo ndani. Andika uamuzi kwenye daftari pamoja na sababu. Ndipo ufungue spektra. Ukiifungua ikakukera, huna ruhusa ya kurudi nyuma kimyakimya. Unaweza kurudi, ila andika kwamba umerudi na kwa nini.

Baada ya hapo vuruga kwa makusudi. Badilisha kitu kimoja kimoja: dirisha jembamba, dirisha pana, 1/f mapema, 1/f baadaye, kufifia kwa kingo kukiwa huru, kukiwa kumefungwa, mafungu ya rangi (rangi jirani zilizojumlishwa kuwa nukta moja) yakianzia hapa, yakianzia nusu hatua mbele. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Ukisogeza mipaka ya mafungu na kilele kikahama au kikazimika, kilele kilikuwa mali ya mipaka. Weka spektra zote kwenye mchoro mmoja kwa rangi hafifu. Upana wa lile lundo, ukilinganisha na vijiti vyako vya makosa, ni namba ya kuripoti, si ya kuficha kwenye kiambatisho. Programu haiwezi kukupa namba hiyo, kwa sababu vijiti vya makosa inavyotoa hudhani kwamba kila ulichochagua kilikuwa sahihi.

Nyota nazo zina yake. Madoa ya nyota ndogo nyekundu ni baridi kiasi kwamba yanaweza kuwa na mvuke wa maji ndani yake, na sayari ikipita sehemu isiyo na madoa spektra yako inapata maji ambayo si ya sayari. Sayari ya mwamba GJ 486b ilikwama hapo hapo: maji ya sayari au maji ya nyota. Kwa sayari za nyota ndogo nyekundu TRAPPIST-1 jambo hili ni la kila siku. Uchakataji hauwezi kulitibu, basi usijaribu kulisawazisha kwa mkunjo.

Mambo ya mikono kidogo. Fungua kichwa cha kila faili, tafuta CAL_VER na CRDS_CTX, ziandike. Ya kwanza ni toleo la programu, ya pili ni seti ya faili za marejeo zilizotumika kusawazisha kihisi. Seti hizo husasishwa. Ukilinganisha kazi yako ya leo na ya mwenzako ya mwaka jana bila kuangalia hayo, mtagombana bure. Kuhusu umeme: ulinganishaji wa modeli huchukua usiku kucha, na usiku Mtwara unaujua mwenyewe. Programu yako ihifadhi hatua kila baada ya muda, na ianze pale ilipoachia, siyo mwanzo. Kuhusu bando: usipakue data ghafi kwenye laptopu kama unaweza kufanya kazi kwenye mashine ya mbali iliyo jirani na hifadhi ya data. Unatuma maelekezo, unarudishiwa grafu. Megabaiti chache zinatosha, na hapo huna tena kisingizio cha kutumia x1dints.

Ndugu na majirani watauliza kama huko kuna watu. Mama mkubwa wangu huniuliza kila Idi. Mjibuni kwamba bado tunabishana kama kuna gesi.

Kazi ya kwanza kwa wapya: mpango wa uangalizi namba 1366 wa James Webb, data zake ziko wazi kwa yeyote. Chukueni WASP-39b ya PRISM, faili za uncal, yaani zile ghafi, sehemu ya kwanza tu, ile iliyoandikwa seg001. Zipitisheni kwenye hatua ya kwanza mara mbili, kizingiti cha miruko kikiwa tofauti, bila kubadilisha kitu kingine. Mje Jumamosi na picha mbili za pikseli zilizokatwa, na daftari. Spektra msiichore bado.